Hatua Haishuki

Ukuta wa thieta uliwaka mwekundu kabla Daktari Kemilembe hajamaliza kuvaa glavu ya pili, na hapo hapo akajua asubuhi yake imeharibika.

Alikuwa hajauliza kitu bado. Kamera ilikuwa imeshaingizwa tumboni mwa Mafuru kupitia kitobo kidogo juu ya kitovu, mikono ya mashine imekaa tayari pande zote mbili za meza, na kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuitaja: kuchungulia, kuhakikisha, kukata. Kuchungulia kulikuwa kumebaki desturi tu, kama kugonga mlango wa nyumba unayojua wenyewe wamo. Siku hizi hakuna daktari wa upasuaji aliyetegemea macho yake kujua saratani imefika wapi. Kazi hiyo walipewa sisimizi.

Sisimizi ni jina la mtaani. Kwenye makaratasi ya hospitali hiyo ya kisiwani wana jina refu ambalo hata waliowatengeneza nadhani hulitamka kwa shida. Ni vimashine vidogo kuliko chembe ya damu. Mgonjwa huchomwa sindano jioni, akalala zake, nao wakazunguka mwili mzima, na kila wanapokutana na seli ya saratani wananata hapo na kungoja. Asubuhi akiwekwa mezani wanawashwa, wanatoa mwanga usioonekana kwa jicho la mtu, na Ramani iliyo ukutani inausoma mwanga huo. Inahesabu, inapima, kisha inatamka hatua. Kuanzia ya kwanza hadi ya tatu, mikono ya mashine inakata. Ikiwa ya nne, mikono inakunjwa na mgonjwa anafungwa.

"Hatua ya nne," ilisema Ramani kwa ile sauti yake ya upole. Ndaki, daktari wa usingizi, alikuwa na mazoea ya kusema kwamba sauti hiyo ingefaa kutangaza misiba redioni.

Kemilembe aliitazama picha. Uvimbe wenyewe ulikuwa pale pale walipoujua, chini kabisa, kwenye puru, utumbo mpana unapoishia. Ulikuwa wa aina mbaya, ile ya seli zenye umbo la pete, inayopenda watu wasiozeeka bado na isiyo na subira. Huo haukumshangaza. Kilichomkata maini ni vitone vingine vyekundu, vidogo, vingi, vilivyotapakaa juu ya utumbo na kwenye utando unaofunika tumbo kwa ndani. Saratani ya aina hii ikishamwagika kwenye utando, kisu hakiwezi kuifuata tena.

Ramani ilimkumbusha, bila haraka, kwamba hatua inangoja kusomwa mbele ya shahidi.

Shahidi alikuwa nyuma ya kioo. Hiyo ilikuwa sheria, tena sheria iliyopatikana kwa kelele nyingi, baada ya watu kuchoka kuletewa ndugu zao wamefungwa na kuambiwa tu kwamba imeshindikana. Sasa ndugu mmoja lazima akae pale, aone tumbo la mtu wake likiwa wazi, na asikie daktari akisoma hatua kwa kinywa chake. Shahidi haamui wala hasaini. Anasikia, basi. Shahidi wa leo alikuwa Nyabise, dada mkubwa wa Mafuru, mama mnene wa kilemba cha kijani, aliyekumbatia mkoba wake kwa mikono yote miwili tangu alipoketi.

Na hatua ikishasomwa, haishuki. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza wanayofundishwa wanafunzi wa upasuaji, na ya mwisho wanayoisahau. Mtu aliyesomewa nne atabaki nne, hata akija kupona kwa miujiza ataitwa nne aliyepona, na hakuna thieta nchini ambayo mikono yake itafunguka kwa ajili yake tena. Kemilembe alikuwa amewasomea watu wengi nne bila sauti kutetemeka. Leo ulimi uligoma. Uligoma kwa sababu ya ahadi, na ahadi hiyo aliitoa mwenyewe, kwa mdomo wake, akicheka.

*

Mafuru alikuwa refa wa ligi ya mkoa. Alichukiwa na timu zote kwa usawa, jambo alilolihesabu kuwa cheti chake cha kazi. Siku ya kwanza kliniki alikaa wima kwenye kiti kama mtu anayesubiri wimbo wa taifa, akaeleza kwamba amekuwa akitoka damu chooni kwa muda mrefu. Kemilembe alipomwuliza kwa nini hakuja mapema, aligeuza uso dirishani. Daktari akadhani ni ile aibu ya kawaida ya wanaume, wanaoweza kukueleza habari za goti lao asubuhi hadi jioni lakini makalio hawana. Hakuuliza tena.

Majibu ya kinyama kilichokatwa kwenda kupimwa yalipotoka, Mafuru aliyasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema ana ombi moja.

"Ramani ikisema tatu, kata. Nivalishe huo mfuko wa choo maisha yangu yote, nitakimbia nao uwanjani na watazamaji wapige kelele watakavyo. Ikisema nne, nifunge nirudi nyumbani na mwili wangu ulivyo. Nilimwona jirani yetu. Walimkata, wakampa mfuko, na ugonjwa ukamwua vile vile. Miezi yake ya mwisho yote alikuwa akinuka na kuomba radhi."

Kemilembe, kwa mzaha wa kumpoza, alimwuliza itakuwaje kama Ramani imekosea. Mafuru hakucheka. Alisema yeye mwenyewe amekosea mara nyingi uwanjani, lakini akishapuliza filimbi hapindui. Refa akianza kubadilisha uamuzi kwa sababu fulani amelia, hapo hakuna mpira tena, kuna vurugu. Alitaka Ramani kwa sababu Ramani haina mjomba timu yoyote.

Daktari akakubali, wakapeana mikono. Kisha, labda kwa kuona ameifanya hali kuwa nzito, Mafuru akaanza kumfundisha ishara za marefa. Iliyo ngumu kuliko zote, alisema, si kadi nyekundu. Ni ile ya kuona kosa limetendeka na kuacha mchezo uendelee. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama anayesukuma hewa. Ukipuliza filimbi, alisema, sheria imekubebea. Ukiacha mchezo uendelee, umejibebesha mwenyewe, na kila mtu uwanjani anakujua kwa jina.

*

Sasa alikuwa amelala mbele yake, mdomo wazi kidogo, bomba la hewa kooni, na ile mikono iliyosukuma hewa kliniki ilikuwa imefungwa kwenye vibao viwili. Kemilembe alimwambia Ndaki kwamba hasomi kwanza. Ndaki alimtazama juu ya barakoa, akaangalia ukuta, akarudi kwenye vipimo vyake.

Sheria ilimpa daktari nafasi ya kusoma hatua hadi tumbo linapofungwa, na yeye aliitumia kufanya jambo ambalo halikuwa limefanywa kwenye thieta ile kwa muda mrefu. Alichukua kisu cha mkono, akapanua kitobo kimoja, akaingiza vidole vyake. Hakujua anatafuta nini. Alijua tu kwamba ameahidi kitu kikubwa kwa mdomo mwepesi, na kabla ya kukitekeleza alitaka akiguse.

Vile vitone vilikuwa vigumu. Alivipapasa tena kwa kidole cha shahada, akavisikia vikikwaruza kama chembe za mchanga kwenye mchicha usiooshwa vizuri. Saratani ya seli za pete aliijua kwa vidole tangu akiwa mwanafunzi, kabla ya sisimizi kuja. Ikimwagika kwenye utando huwa laini, inateleza, ina ute. Hivi vilikuwa vikavu na vimekaa kama vilikuwepo hapo kabla ya kila mtu.

Aliiuliza Ramani kama kuna uwezekano mwingine.

"Hakuna uwezekano mwingine kwa kisiwa hiki," ilijibu.

Yale maneno mawili ya mwisho yalimkwama sikioni. Akauliza kuhusu visiwa vingine. Ramani ikamwambia kwa upole kwamba swali hilo halimhusu mgonjwa aliye mezani.

Alikata kitone kimoja kwa mkasi, akaomba Ramani ikisome. Ikasema kimeshasomwa. Basi akakiweka katikati ya vipande viwili vya kioo, akavikandamiza kwa vidole gumba mpaka kikapondeka, akavuta ile darubini ya kushonea mishipa midogo, akainama. Ndaki alimwuliza anafanya nini. Yeye alikuwa akisogeza kioo kidogo kidogo chini ya lenzi.

Picha ilipotulia aliliona. Yai. Refu, la rangi ya majani makavu ya chai, lenye mwiba mmoja uliochomoza ubavuni.

"Ndaki," alisema, "hiki ni kichocho."

Ndaki alisema haiwezekani, na hakusema kwa ubishi, alisema kama mtu anayetaja siku ya leo. Kichocho kiliisha kisiwani zamani. Konokono waliuawa, maji yakatibiwa, watoto wakamezeshwa dawa shuleni, cheti cha kuutokomeza ugonjwa kikaja, na pale gatini kuna sanamu ya zege ya konokono aliyepinduliwa, gamba chini, ambayo kila mgeni hupiga nayo picha. Yeye mwenyewe alipiga nayo alipohamishiwa hapa.

Na hapo ndipo Kemilembe alipolielewa lile jibu la Ramani. Sisimizi hufundishwa kulingana na mahali. Kwenye nchi na wilaya ambako kichocho bado kipo, wanafundishwa kwamba mayai yaliyokaa mwilini miaka mingi huacha makovu, makovu hayo huvimba, na uvimbe huo unafanana na saratani kwa mwanga. Wanafundishwa kutofautisha. Kwa mahali palipopewa cheti, somo hilo huondolewa ili wafanye kazi haraka zaidi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kisiwa kilisema hakina, na sisimizi wakakiamini.

*

Alibonyeza kitufe cha kuzungumza na chumba cha shahidi. Nyabise aliinuka mara moja, akidhani anasomewa.

Kemilembe alimwita dada, akamwomba akae, akamwuliza kama Mafuru utotoni aliwahi kuugua kichocho. Nyabise alikasirika, au alijitahidi kukasirika. Alisema baba yao ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni kisiwa kizima. Watoto wake ndio waliopigwa picha za mabango, wamesimama kwenye maji safi na vikombe vya dawa mkononi. Iweje wao?

Daktari hakubishana naye. Alimweleza kwa maneno machache alichokiona kwenye kioo, na kwamba akifunga tumbo sasa, Mafuru hatafunguliwa tena na mtu yeyote. Nyabise alitazama chini, kwenye ule mkoba.

"Alikuwa akitoka damu chooni tangu yuko darasa la kwanza," alisema hatimaye. "Vile vikombe vya mabango vilikuwa na maji tu. Baba alisema mtoto wake akipelekwa kupimwa, cheti cha kisiwa kizima kitarudi kilikotoka, na watu watamcheka hadi kaburini. Akatuapisha. Alimwambia Mafuru mwanaume hachunguliwi choo. Baba alishafariki, daktari, na mimi bado nilikuwa nimekaa hapa nikinyamaza."

Akaanza kulia bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Kemilembe alihisi uchungu na hasira vikimjia pamoja, na hasira nyingine aliielekeza kwake mwenyewe. Alikumbuka ule uso uliogeuzwa dirishani. Haikuwa aibu ya kawaida ya wanaume. Mtu yule alilelewa kuficha damu. Saratani ilipoanza kumtoa damu, aliiona ni ile ile ya zamani, akaificha kama alivyofundishwa, na ugonjwa ukapata nafasi ya kukua.

*

Lau mambo yangeishia hapo, ingekuwa rahisi. Lakini Kemilembe hakuwa mtu wa kujidanganya, na alirudi kwenye lenzi. Kitone cha pili kilikuwa na yai. Cha tatu hakikuwa na yai. Kilikuwa na kovu, na ndani ya kovu kulikuwa na kitu chenye ukungu ambacho kingeweza kuwa yai lililoyeyuka zamani, na kingeweza kuwa seli. Alikitazama mpaka macho yakamwasha. Darubini ya kushonea mishipa haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na mashine pekee iliyoweza kukisoma ilikuwa imeshasema neno lake.

Ndani ya tumbo vilikuwepo vitone kama hivyo vingi mno kuvikata kimoja kimoja. Kichocho hakimzuii mtu kuwa na saratani iliyosambaa. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, vimelala pamoja kwenye utando mmoja.

Sheria ilimwachia mlango mdogo. Daktari anaweza kuikana Ramani. Anasema hivyo mbele ya shahidi, kwa sauti, akitaja jina lake, na mikono ya mashine inafunguka. Ikija kuonekana kwamba Ramani ilikuwa sahihi, leseni yake inafutwa. Wakubwa waliouweka mlango huo walihakikisha mtu anayeupita anajigonga kichwa. Ndaki alimkumbusha hilo, akasema taratibu kwamba wenzake watatu anaowajua waliikana Ramani na wote walimwaga unga.

Kemilembe alimwambia si unga unaomtisha. Na kwa kweli unga ulimtisha, alikuwa na mama wa kumtunza na hakuwa na kazi nyingine anayoiweza, lakini woga huo ulikuwa wa kawaida, angeweza kuubeba. Uliomlemea ni mwingine. Akikata, na vitone vikawa saratani, Mafuru ataamka na mfuko ubavuni, amekatwa bure, anakufa vile vile alivyoomba asife, na aliyemfanyia hivyo ni mtu aliyempa mkono. Akifunga, na vitone vikawa makovu, Mafuru atarudi nyumbani na heshima yake yote, kisha atauawa na uvimbe ambao ungeweza kutolewa leo, kwa sababu daktari alitimiza ahadi.

Nyabise alisimama, kiganja kwenye kioo. "Kata," alisema. "Mimi dada yake nasema kata."

Shahidi haamui. Na hata angeamua, Kemilembe alisikia ndani ya neno lile mtu anayetaka kulipa deni lake kwa mwili wa mwingine. Hakumlaumu. Alizima kipaza sauti tu.

"Alisema ikiwa nne afungwe," alisema Ndaki.

"Hakujua haya."

"Hakuna mgonjwa anayejua yote, Dokta. Ndiyo maana wanatuomba tuahidi."

Lilikuwa neno la kweli na lilimchoma. Alisimama pale, mikono mbele ya kifua kama walivyofundishwa, asiguse kitu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani mgonjwa angekuwa mtu mwingine, yeyote, asiyemjua. Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilimtoka kabla hajalipima.

"Mwamshe."

Ndaki aliuliza kama amesikia vizuri. Alikuwa amesikia. Alieleza, haraka haraka, kwamba inawezekana, maana sindano ya mgongoni imeshatia ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, hatahisi kisu. Lakini shinikizo la damu linaweza kupanda, anaweza kupaparika, na hata asipopaparika, mtu anayeamshwa tumbo likiwa wazi ana hofu, na mwenye hofu hasemi anachotaka, anasema chochote kitakachoiondoa hofu. Je, jibu la namna hiyo ni jibu?

Kemilembe alikiri hajui. Alisema tu kwamba kati yao watatu ni mmoja ambaye tumbo ni lake.

*

Waliweka pazia la kijani kifuani ili asijione. Ndaki alipunguza dawa, akangoja, akapunguza tena, akatoa bomba kooni kwa uangalifu wa mtu anayechomoa mwiba kwa mtoto. Mafuru alikohoa. Macho yalifunguka, yakazunguka, yakatua kwenye taa, kisha kwenye uso wa Kemilembe. Vipimo vilianza kupiga kelele na Ndaki akavinyamazisha.

Daktari aliinama karibu na sikio lake. Alimwambia yuko wapi, na kwamba tumbo liko wazi, na kwamba hatahisi maumivu. Alimwambia Ramani imesema nne. Aliona midomo ya Mafuru ikikaza, na akaendelea kabla hajapoteza ujasiri: akamweleza kuhusu vitone, yai, mwiba wa ubavuni, na kile kitone cha tatu. Hakukificha kile cha tatu. Alimwambia akimkata anaweza kumponya, na anaweza kumwachia mfuko na kifo kwa pamoja. Alimwambia pia kwamba amekuja kumwuliza kwa sababu ahadi ni yake, na hawezi kuivunja peke yake wala kuitimiza peke yake.

Kilichoonekana usoni mwa Mafuru hakikuwa hofu aliyoitabiri Ndaki. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

"Kichocho," alisema, sauti imekwaruzwa na bomba. "Nyabise amesema?"

"Amesema."

"Basi amesema." Alifumba macho, chozi moja likateleza kuelekea sikioni, Kemilembe akalifuta kwa chachi. "Nilidhani ni ile ile, daktari. Ile damu. Nilidhani ni ile ile tu."

Ndaki aligusa bega la Kemilembe. Shinikizo lilikuwa linapanda, na hakuwa na muda mrefu wa kumpa.

Mafuru alifumbua macho. Sasa yalikuwa makavu, na yalimtazama daktari kama alivyokuwa akiwatazama, bila shaka, manahodha wa timu wanaomzonga baada ya goli la utata.

"Hilo yai umeliona mwenyewe," aliuliza, "au umeambiwa?"

"Nimeliona mwenyewe."

"Na hayo mengine?"

"Mengine sikuyaona. Hakuna aliyeyaona."

Alipumua kwa shida mara kadhaa. Kisha akajaribu kuinua mikono, ikakwama kwenye vibao. Ndaki alifikiri anapaparika, akasogea kumshika, lakini Kemilembe alimzuia na kufungua kamba ya mkono wa kulia. Mkono ulipanda polepole, ukiburuta waya na mrija wa maji, ukanyooka mbele, kiganja juu. Ulisukuma hewa kidogo, kama umbali wa kidole, ukaanguka kitandani.

"Ukikosea," alisema Mafuru, "usije ukasema uliambiwa."

Kemilembe aliitika kwa kichwa. Ndaki alimrudisha usingizini. Daktari alifunga tena ile kamba ya mkono, akainuka. Alibonyeza kitufe. Nyuma ya kioo Nyabise alisimama, ameacha mkoba sakafuni.

"Ramani imesoma hatua ya nne," alisema Kemilembe kwa sauti iliyokuwa inatetemeka, na akaiacha itetemeke. "Mimi, Kemilembe Rwegoshora, naikana."

Mikono ya mashine ilifunguka. Ramani ilirudia mara moja, kwa upole ule ule, kwamba mgonjwa ni wa hatua ya nne, kisha ikanyamaza. Haikuzimika. Kazi yote aliifanya chini ya ule mwanga mwekundu, vitone vikiwaka ukutani mbele yake, na kila alipoinua macho vilikuwa bado pale.